Walipogusana Vichwa

Odaito, 24 Septemba

Kwa Mwalimu Ukai Reiko,

Hatujuani, kwa hiyo naanza kwa kuomba radhi kwa kukuingilia nyumbani kwako na bahasha hii nene. Jina langu ni Tomabechi Fusae. Nina miaka hamsini na minne na nafanya kazi kiwandani hapa Odaito, natia chumvi mayai ya samoni. Nasoma ukurasa wako wa kukosoa picha za wasomaji kila jarida linapotoka. Niliwahi kukuona ukimwambia daktari mzima kwamba picha yake ya korongo imepigwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nilicheka, kisha nikaogopa, na hofu hiyo ndiyo iliyonichelewesha kukuandikia.

Nakutumia picha tatu za madume ya kulungu wakipimana nguvu kwenye rasi ya Notsuke, mwendo mfupi wa gari kutoka kwangu. Wenzangu kiwandani wanasema ni nzuri. Binti yangu Kaho, aliye Sapporo, anasema ni nzuri. Mume wangu Genzo ana leseni ya bunduki, na kila majira ya baridi huitwa pamoja na wawindaji wengine kwenda kupunguza kulungu mashambani. Yeye alizitazama akasema, "Hii nyama mbona umeipiga kutoka mbali?"

Hakuna anayeniambia kosa langu liko wapi. Naomba uniambie wewe, na usinionee huruma.

Tomabechi Fusae

*

Matsumoto, 1 Oktoba

Bi Tomabechi,

Umeomba usionewe huruma, basi kaa chini.

Picha ya kwanza itupe. Kuna nguzo ya umeme inayoota kwenye sikio la kulungu wa kulia, na hukuiona kwa sababu ulikuwa unaangalia pembe peke yake. Ya pili umewakata kwato, wakaonekana kama wamezama kwenye nyasi. Ya tatu ina mwanga mzuri, lakini mwanga huo ni wa Mungu, si wako.

Sasa kubwa zaidi. Zote tatu umezipiga umesimama, nadhani kando ya gari, kwa hiyo unawatazama wanyama kutoka juu kama mwenye nyumba anayewachungulia watoto wanaogombana uani. Lala chini. Macho yako yawe usawa wa macho yao. Halafu angalia masikio. Kwenye picha ya pili masikio yote manne yamekugeukia wewe. Hao hawapimani nguvu tena, wanajiuliza wewe ni nani. Umewakaribia mno. Rudi nyuma, tulia, na uwaache wakusahau.

Mwisho, unabonyeza unaposikia pembe zikigonga, na wakati huo jambo lenyewe limeshapita. Kabla ya kugongana wanainamisha vichwa na kupangana, karibu kwa adabu. Madume wadogo hujaribiana tu: wanasukumana, wanakula nyasi, wanarudiana. Wewe umewapiga kama wako vitani. Watazame kwanza siku kadhaa bila kamera, ujue wanafanya nini. Kisha nitumie nyingine.

Ukai Reiko

*

Odaito, 19 Oktoba

Mwalimu Ukai,

Nililala chini. Genzo aliponiona narudi nimejaa tope mpaka kwenye nyusi, aliuliza kama nimelala na kulungu au na kupe. Kweli nilikuwa na kupe wawili shingoni. Aliwatoa kwa kibano huku akikusema wewe, eti huyo mwalimu wako wa Matsumoto aje alale mwenyewe.

Nilifanya ulivyosema. Siku za mwanzo niliacha kamera garini, na nikaona mambo ambayo sikuwa nimeyaona katika miaka yote niliyoishi hapa. Mmoja huinamisha kichwa, mwenzake hugeuza shingo kidogo, kama watu wawili wanaobeba kabati na kutafuta pa kushika. Ndipo wanasukumana. Sasa majike wameanza kukusanyika na michezo imepungua. Madume wakubwa wamejipaka tope, wanalia usiku kucha hata sisi majumbani tunasikia. Wakigongana sasa ni kwa nguvu zao zote.

Nimeweka picha nne. Nimejitahidi kuhusu kwato.

Fusae

*

Matsumoto, 26 Oktoba

Bi Tomabechi,

Mwambie mumeo nimewahi kulala kwenye tope kabla yeye hajajua kushika bunduki, na kupe wa huku kwetu ni wakubwa zaidi.

Ya tatu nimeibandika jikoni. Nimeishi peke yangu muda mrefu, na ni mara chache naongeza kitu ukutani, kwa hiyo jua umefika mahali. Mvuke wa pumzi zao unaonekana, jicho la dume mweusi liko hai, na nyuma yao hakuna takataka. Ya kwanza na ya pili ni picha ile ile, chagua moja. Ya nne umeinamisha upeo wa bahari, maji yanamwagika upande wa kushoto.

Ila nina ombi. Kila picha yako inanionyesha nguvu. Nguvu kila mtu anaipiga, napokea bahasha za nguvu hapa kila mwezi. Mimi nataka kujua nguvu zikiisha kunabaki nini. Watafute wakiwa wamechoka, wamesimama, hakuna aliyeshinda bado. Wengi hukunja vifaa vyao hapo, wanadhani mchezo umekwisha. Wewe usiondoke mapema.

Ukai

*

Odaito, 5 Novemba

Mwalimu,

Nakuandikia kabla sijanywa hata chai. Nimeipata.

Jana jioni, kule mbele ambako miti imekufa kwa maji ya chumvi, niliwakuta madume wawili wakubwa kwenye matete. Yule mweusi uliye naye jikoni, na mwingine mwenye manyoya mekundu shingoni. Inaonekana walikuwa wamepambana kabla sijafika, maana matete yote yalikuwa yamelala kuwazunguka. Nilijilaza mbali. Nikangoja wagongane, hawakugongana. Yule mwekundu alikuwa amelala kifudifudi, mweusi amesimama juu yake, ameinama, paji kwa paji, pembe zao zimepishana. Hawakuwa wakisukumana. Walikuwa wanapumua tu. Jua lilikuwa linazama nyuma yao na pumzi zao zilikuwa na rangi ya dhahabu.

Nilikumbuka maneno yako nikakaa. Kila mara mweusi alikuwa akivuta kichwa kidogo, kisha anakirudisha pale pale kwa mwenzake, kama hataki kumwacha. Mwalimu, sijawahi kuona upole wa namna ile hata kwa binadamu. Giza lilipoingia niliondoka kimya kimya nisiwasumbue, nikawaacha hivyo hivyo.

Nimeisafisha picha usiku huu huu kwa mashine yangu ya nyumbani. Hata Genzo hajaiona. Naipitisha posta nikielekea kazini, nataka wewe uwe wa kwanza.

Fusae

*

Matsumoto, 11 Novemba

Fusae,

Nisamehe nikikuita hivyo, lakini mtu aliyenitumia picha hii siwezi tena kumwita Bi Tomabechi.

Niliifungua nikiwa nimesimama mlangoni, na nikajikuta bado nimesimama pale chakula kikiungua jikoni. Miaka yote nimewaambia watu wanitafutie hiki. Dume aliyelala amekubali, na anayesimama hajivuni. Ametua kichwa chake kwa aliyeshindwa kama anayemtaka radhi. Na yale matete yaliyolala duara! Yamewafungia ndani ya fremu ambayo hata mchoraji asingeipanga vizuri zaidi. Nilichukua kioo cha kukuzia nitafute kosa, maana ndiyo kazi yangu. Nimekipitisha kila mahali na sikuona kosa.

Nimefanya jambo bila kukuuliza, ukasirike baadaye. Nilipanda treni nikampelekea mhariri mwenyewe. Inakwenda kwenye jalada la toleo la Mwaka Mpya. Nimeipa jina "Mapatano". Mhariri, mtu asiyesifia kitu, alisema tu, "Hii."

Niandikie haraka. Nataka kujua waliachana vipi.

Ukai Reiko

*

Odaito, 23 Novemba

Mwalimu Ukai,

Barua yako imekaa juu ya jokofu muda mrefu. Nimeisoma mara moja na sijaweza kuisoma tena.

Uliuliza waliachana vipi. Hawakuachana.

Asubuhi iliyofuata baada ya kutuma picha sikuwa na zamu, nikarudi pale. Walikuwa bado wapo. Nilifurahi, Mwalimu, nataka ujue hilo, nilifurahi nikaanza kutoa kamera begani. Kisha mweusi aliniona akataka kukimbia, na yule mwekundu akaburutwa naye kama gunia. Shingo yake iliviringika vibaya, na macho yake yalikuwa wazi yameingia mchanga. Alikuwa ameshakufa. Pembe zao zilikuwa zimenasana, na mweusi alikuwa amemburuta mwenzake tangu kabla sijawapiga picha, kwanza akiwa hai, kisha akiwa maiti, anazunguka na kuzunguka. Ndiyo maana matete yalilala duara.

Nilikaa chini. Jioni ile nilipolala nao pale, mwekundu alikuwa hai. Ile dhahabu niliyokuandikia ilikuwa pumzi yake anakata roho. Na mweusi alipokuwa akivuta kichwa na kukirudisha, mimi nikaandika kwamba hataki kumwacha.

Nilimpigia Genzo simu. Alikuja na bunduki na msumeno. Alipomtazama mweusi, ulimi umetoka, magoti yanatetemeka, aliniambia nirudi garini nifunge mlango. Akasema risasi moja ndiyo huruma iliyobaki hapa. Nilimwambia kama anampiga huyo basi anipitie mimi kwanza. Sijawahi kumwambia mume wangu neno kama hilo. Alinitazama, kisha akaweka bunduki chini na kusema, "Basi vua koti."

Tulimfunika macho kwa koti langu. Mimi nilimlalia shingoni, Genzo akakata pembe ya yule aliyekufa. Nilikuwa nasikia moyo wake ukigonga kifuani mwangu. Msumeno ulipokaribia kumaliza aliruka, akampiga Genzo kwa kwato za nyuma akamtupa majini. Mbavu tatu. Lakini pembe ilikuwa imeachia.

Kilichonikaa kichwani si maiti, Mwalimu. Ni kwamba mweusi alikuwa huru na hakujua. Alibaki pale ameinamisha kichwa, anasukuma hewa. Nilipiga kelele, nikamrushia tope, ndipo akainua shingo, akatutazama, akaondoka polepole kuelekea kwenye miti iliyokufa.

Genzo yuko nyumbani sasa. Akikohoa analia. Anasema ameua kulungu maisha yake yote na hakuna aliyemgusa, siku aliyookoa mmoja ndiyo amevunjwa mbavu.

Na picha yako iko kwenye jalada.

Fusae

*

Matsumoto, 27 Novemba

Fusae,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi.

Nimeitazama picha tena. Sasa naona kila kitu. Naona shingo ya mwekundu jinsi ilivyogeuka, shingo ya mnyama aliyelala kwa hiari haigeuki hivyo. Naona jicho la mweusi, weupe wake umetokeza wote, na hiyo ni hofu. Naona ncha moja ya pembe imepita nyuma ya pembe nyingine na haina pa kutokea. Vyote vilikuwemo. Nilivipitia kwa kioo cha kukuzia, kimoja kimoja, nikaviita upole. Duara la mnyama anayemburuta mwenzake anayekufa nililiita fremu.

Wewe ulikuwa mbali, gizani, kwenye baridi. Mimi nilikuwa na taa mezani na muda wote niliotaka. Na nilikuwa nimekwisha kukuagiza utakachokiona. Kwa hiyo usiubebe mzigo huu peke yako, sitakubali.

Nimempigia mhariri simu. Ingawa masikio yangu ni mabovu, nilimsikia vizuri. Anasema msomaji haulizi kama mnyama alikufa baadaye, anauliza kama picha imemgusa. Anasema ajuaye ni mimi na wewe tu. Jalada bado halijaingia mtamboni, siku zimebaki chache. Picha ni yako. Niambie unataka nini, nami nitakwenda kukisema mbele yake.

Mbavu za mumeo zinaendeleaje?

Reiko

*

Odaito, 1 Desemba

Mwalimu,

Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine, ya hasira, nikaichana. Ilisema wewe uliniambia nisiondoke mapema. Halafu nikakumbuka kwamba niliondoka.

Nilimuuliza Genzo, maana naye ana mbavu zake ndani ya jambo hili. Nilimwonyesha picha kwa mara ya kwanza. Nilitegemea atasema yeye angejua mara moja, yeye mtu wa porini. Aliisogeza kwenye taa. Akasema, "Na mimi ningewapita, Mama Kaho. Ningesema wamepumzika, nikaendelea na safari yangu." Sijui kama ni kweli au alikuwa ananifariji. Ila alikuwa amefumba macho.

Sitaki iwe jalada. Sitaki watu waitundike sebuleni Mwaka Mpya na jina lile juu yake. Lakini sitaki pia ifichwe, maana mwekundu alikufa mbele yangu na hicho ndicho kitu pekee kilichobaki chake. Ikitoka, itoke na ukweli wake. Useme yule alikuwa anakufa, na aliyepiga picha alidhani wanapendana. Weka jina langu kamili.

Kamera iko kabatini. Usiniulize habari zake.

Fusae

*

Matsumoto, 20 Desemba

Fusae,

Imetoka. Nakutumia nakala kwa bahasha tofauti. Jalada lina bata maji wa nani sijui. Picha yako iko kwenye ukurasa wangu, peke yake, bila jina. Chini nimeandika kilichotokea kama ulivyonieleza. Kisha nimeikosoa upya, mstari kwa mstari, lakini safari hii niliyemkosoa ni mimi. Nimeandika nilichokiona mwanzo na nilichopaswa kukiona.

Mhariri alisoma akanikaribisha chai, akanishukuru kwa miaka yote niliyolitumikia jarida. Maneno hayo huambiwa mtu anayeondoka, na nilipouliza kama naondoka, alimimina chai nyingine. Kwa hiyo huo ulikuwa ukurasa wangu wa mwisho. Usijilaumu. Nilitoka pale nikakaa kituoni naangalia watu wakipita, na nilishtuka kujikuta siyaamini macho yangu. Mwanamke alikuwa amemwegemea mwanamume begani, na sikuweza kusema kama anampenda, anaumwa au amelala.

Kwa umri wangu huu, ndiyo kwanza najifunza hilo.

Reiko

*

Odaito, 28 Januari

Mwalimu wangu,

Kwanza majibu. Kiwandani jarida limepita mikono yote. Bi Sawaguchi, anayesimama karibu nami mezani na ulimi wake haujui likizo, alisema, "Kumbe wewe unakwenda kule kutazama wanyama wakifa." Nilijibu ndiyo, nilitazama. Alirudi kwenye mayai yake. Mchana akaniwekea nusu ya chakula chake sahanini, na mpaka leo hajasema kitu kingine. Na watu nisiowajua wameniandikia. Mmoja ananiita muuaji. Mmoja, mzee wa Kushiro, anasema naye aliwahi kuwaona wawili hivyo, akapita.

Sasa nikueleze ya juzi.

Genzo amepona kiasi cha kuendesha gari, na alisema amechoka kuniona nakaa dirishani. Alitoa kamera kabatini bila kuniuliza, akaiweka kitini, akanipeleka Notsuke. Theluji ilikuwa nyingi na bahari imeganda. Madume walikuwa wamekusanyika pamoja kwa majira ya baridi, wametulia, majike hakuna. Tulikaa garini. Nilikuwa nimeiweka kamera mapajani tu.

Karibu na ukingo, wawili walianza. Taratibu, kama unavyosema wewe, walipangana kwanza. Walisukumana kidogo kisha wakasimama. Paji kwa paji. Mmoja akapiga magoti kwenye theluji, mwenzake akabaki ameinama juu yake, pembe zimepishana. Mvuke ukapanda. Jua lilikuwa nyuma yao.

Genzo alisema kwa sauti ndogo, "Fusae." Si Mama Kaho, Fusae.

Sijui mlango niliufunguaje. Nilijikuta nje nakimbia, theluji inanifika magotini, napiga makofi, napiga mayowe mpaka koo likauma. Nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena, na nilipoinua uso kulungu wote kwenye rasi ile walikuwa wamesimama wananitazama.

Wale wawili waliinua vichwa. Pembe ziliachana na kutoka, kirahisi kabisa, kama mtu anayetoa kitana kwenye nywele. Aliyepiga magoti alisimama, akajikung'uta theluji. Walinitazama kwa muda, kisha mmoja akaanza kula majani makavu na mwenzake akaenda upande wake.

Nilibaki nimelala pale nalia kwa sauti. Genzo alikuja nyuma yangu ameshika mbavu kwa mikono miwili, anacheka na kuniomba nisimchekeshe, na yeye pia machozi yanamtoka. Sina picha ya kukutumia. Pengine ilikuwa picha bora ya majira yote haya na nimeiharibu kwa mayowe.

Lakini nataka ulijue hili kabla hujalala leo. Walikuwa wanapumzika, Mwalimu. Hawa walikuwa wanapumzika kweli.

Fusae